Bi Kona na Mkokoteni wa Magodoro

Kabla hajawa Bi Kona alikuwa fundi cherehani kama mafundi wengine: kibaraza, meza ya kukatia, pasi ambayo haruhusu mkono mwingine kuigusa, na wateja walioahidiwa nguo zao Ijumaa bila kuambiwa Ijumaa ipi. Bado ni fundi. Suruali za watu bado zinakaa kwake mpaka mwenyewe ananenepa, na inabidi zitanuliwe kabla hazijavaliwa mara ya kwanza. Lakini siku hizi ukimwita Fundi anaitika kwa upole wa mtu aliyeamua kukusamehe. Jina analoitikia kwa moyo mkunjufu ni hilo lingine, alilopewa na watu ambao wengi wao wanaijua sauti yake tu.

Kompyuta iliingia nyumbani kwa nia njema. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliinunua kwa mtu ili mkewe awe anatazama mishono mipya. Mwenye kompyuta alikuwa ameisahau ndani yake michezo miwili: karata, na mbio za magari. Karata hazikumvutia. Siku aliyofungua mbio za magari, bibi harusi mmoja alikwenda kanisani na gauni ambalo pindo lake lilishikwa kwa pini mpaka mwisho wa ibada.

Baada ya hapo mambo yalijipanga yenyewe. Usukani wa plastiki ukapatikana. Kiti cha gari kuukuu kikachomelewa miguu ya kitanda. Kikabaki kitu kimoja: breki. Pedali ya breki iliyokuja na usukani ilikuwa laini kama mkate uliolowa, na Bi Kona alizoea kukanyaga kitu kinachomjibu. Ndipo mume wake alipoingia stoo na kutoka na ile pedali pana ya chuma ya cherehani ya miguu, cherehani ya shangazi yake Bi Kona, ambaye alipohamia nyumba ya wazee aliacha agizo moja tu: "Cherehani yangu isiguswe."

"Haijaguswa," alisema mume wake akivua miwani ya kuchomelea. "Imepungua tu."

Cherehani hiyo ndiyo iliyomlea Bi Kona. Shangazi aliikanyaga kutwa akashona sare za shule, mapazia na suti za watu waliokopa heshima, na kwa kazi hiyo mtoto wa kaka yake akala, akasoma, akajifunza ufundi. Sasa pedali ilikuwa breki. Shangazi hakuona, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili kama pazia zito. Na Bi Kona, tuseme ukweli, hakuwa na haraka ya kumweleza.

Ligi yenyewe iliitwa Ligi ya Usukani na Utu. Jina lilitungwa na Mwenyekiti, muuza dawa mwenye duka kubwa na sauti kubwa kuliko duka. Mtangazaji wa mbio alikuwa mwenye bucha, aliyezoea kupiga kelele juu ya msumeno wa mifupa. Refa alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, naye aliwashughulikia madereva kama wanafunzi wake: kwa kusubiri wanyamaze. Kila Jumapili mchana watu walioshinda wiki nzima wakienda kazini kwa miguu walikaa mbele ya skrini na kuparamia lami kwa kasi ambayo miili yao isingeihimili.

Kilichoitofautisha ligi hii na nyingine kilikuwa Kanuni ya Kurudisha. Ukimgonga mwenzako, unasimama pembeni, unamwacha apite, unakaa nyuma yake. Humpiti mpaka yeye mwenyewe atamke kwenye maiki: "Nimeridhika." Asipotamka, mtafika hivyo hivyo. Mwenyekiti alipenda kuwaambia wageni, "Wengine wana kasi. Sisi tuna utu."

Kanuni hiyo aliidai Bi Kona. Kuna msimu Mwenyekiti alimgonga kwenye kona ya mwisho akaenda kuchukua ushindi, na Bi Kona akatuma kundini ujumbe wa sauti mrefu kiasi kwamba watu waliusikiliza kwa vipimo, asubuhi na jioni, kama dawa. Kanuni ikapita bila kupingwa. Tangu hapo akawa mlinzi wake mkali. Kijana mmoja aliyempita mgongwa wake kabla hajatamka neno alifungiwa msimu mzima, ingawa alijitetea kwamba alikuwa ameacha wali jikoni na ulianza kunuka. "Wali ungezimwa na mwingine," alisema Bi Kona. "Heshima ya barabara nani angeizima?" Swali hilo halikuwa na maana yoyote, lakini lilipigiwa makofi.

Utu wao ulikuwa na kipengele cha hisani pia. Kila mwaka waliandaa mbio za kusaidia wenye shida, na wenye shida walivumilia. Watoto wa chekechea walipewa fulana zenye sura ya Mwenyekiti, za saizi ya watu wazima. Wakawa wanazivaa kama magauni, sura ya Mwenyekiti ikining'inia magotini. Mwaka uliofuata nyumba ya wazee ikapelekewa saa ya ukutani yenye umbo la usukani. Haikuwa na namba. Namba zingeharibu umbo.

Mwaka wa tatu Mwenyekiti akamwalika Matroni wa nyumba ya wazee kwenye kikao, nyuma ya duka la dawa, katikati ya maboksi ya nepi, ili aje kushukuru mapema.

"Tunashukuru kwa saa," alisema Matroni. "Wazee wanaipenda. Wanabishana nayo tangu asubuhi."

Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mwaka huu tumefikiria kofia."

"Kofia wanazo. Naomba niulize. Ninyi ni madereva?"

"Wa viwango vya kimataifa, Mama Matroni."

"Basi afadhali. Gari ninalo, dereva sina. Wa kwetu amevunjika mguu akishuka kitandani. Madaktari wa macho wako hospitali kubwa wiki hii tu, Jumatano wanamaliza wanaondoka, na wakiondoka sijui watarudi lini. Nina wazee watano ambao majina yao yamekubaliwa. Sitaki fulana, sitaki kofia. Nipeni dereva mmoja wa kuwafikisha kabla ya adhuhuri."

Watu waliozoea kugombania upenyo kati ya magari mawili wakaanza kugombania sehemu nzuri ya kutazama sakafuni. Mwenye bucha alisema Jumatano ni siku ya nyama. Refa alisema darasa la tatu haliwezi kuachwa peke yake, na waliowahi kuliona darasa lake wakakubali. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na gari la kweli nje, alieleza kwamba lake hubadili gia lenyewe, na basi dogo la wazee linataka klachi, na klachi na goti lake hazipatani.

"Lakini," akaongeza, na sauti yake ikapanda jukwaani, "kati yetu yupo mmoja. Bingwa wetu. Mwenye leseni."

Wote wakageuka. Leseni ilikuwepo, hilo haliwezi kukanushwa. Zamani mume wake aliahidiwa pikapu na mteja aliyeshindwa kulipia geti, Bi Kona akapelekwa chuo cha udereva, akafaulu, na pikapu ikaenda na mteja na geti lake. Leseni ikabaki ndani ya pochi, ikihuishwa kila inapobidi, haijawahi kumwona trafiki.

Angeweza kukataa. Lakini miongoni mwa wale wazee watano mmoja alikuwa Shangazi. Na pia, tusimpake asali, watu walikuwa wanamtazama.

"Kuendesha ni kuendesha," alisema Bi Kona.

Nyumbani mume wake alicheka mpaka akakaa chini.

"Leseni yako, mke wangu, hata picha yake imekusahau."

"Nimeshinda mbio ngapi?"

"Nyingi. Ila hili la kweli ukilipindua halikurudishi mwanzo. Na ndani yake kuna watu."

"Shangazi yumo, unadhani sijui?"

"Na akipona je?" Mume wake akaelekeza kidevu kwenye breki. "Siku atakayoona, cha kwanza kukiona ni hicho."

Usidhani Bi Kona hakuwahi kuliwaza. Lakini alikuwa amemzoea Shangazi akishona. Sasa alimkuta kila wiki amekaa kitandani akipapasa pindo la shuka, akitafuta uzi uliofumuka kwa ncha ya kidole. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaacha hivyo hivyo ili kuficha kipande cha chuma.

Jumanne akafanya mazoezi na basi dogo kwenye uwanja wa shule ya Refa. Kwenda mbele alikwenda vizuri, na hata gia zilimkubali baada ya kulalamika kidogo. Kilichomshinda ni kurudi nyuma. Kwenye mbio hakuna arudiye nyuma. Ni kinyume cha shughuli nzima. Kila alipotakiwa kurudi hatua chache aliuzunguka uwanja wote akatokea upande wa pili. Matroni akamtazama akizunguka mara ya kadhaa, akasema, "Alimradi unafika."

Jumatano asubuhi wazee wakapakiwa, Matroni akakaa nao nyuma. Shangazi alikaa mbele kwa haki ya udugu. Nyuma yake alikaa mzee aliyewahi kuwa gadi wa treni, aliyekuja na filimbi yake na msimamo kwamba gari haliondoki bila yeye kupuliza. Mwenyekiti alipanda pia, "kuongoza msafara," akiwa amevaa fulana yenye sura yake, kwa hiyo popote ulipotazama ulimkuta. Mwenye bucha aligundua ghafla kwamba nyama inaweza kumsubiri. Akakaa nyuma kabisa na simu mkononi, akirusha safari nzima mubashara kwa wanachama.

"Wewe ndiye dereva?" akauliza Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Unaendeshaga nini?"

"Magari ya mashindano."

"Mimi sioni tu," alisema Shangazi. "Ujinga sijaanza."

Filimbi ikapulizwa. Basi likaruka mara moja, likazima. Filimbi ikapulizwa tena. Safari hii wakaondoka, na yule gadi akatikisa kichwa kama mtu ambaye shirika lake halijawahi kumwangusha.

"Wajua nataka kuona nini kwanza?" alisema Shangazi. "Vitu viwili. Anayemaliza sukari yangu, na cherehani yangu. Nataka nikae mbele yake niikanyage, hata bila kitambaa."

Bi Kona akakanyaga klachi badala ya breki.

Mwanzoni barabara ilimhurumia. Alipofika kona ya kituo cha mafuta mwili ukafanya ulichozoea: akajitanua mpaka ukingo wa nje, akalikata basi kuelekea ndani, akatokea nje tena. Kwenye skrini kona hiyo ingepigiwa makofi. Ndani ya basi wazee watano walilala kushoto, wakanyooka, wakalala kulia, na begi la mtu likahamia kwa mtu mwingine.

"Bi Kona huyo," alinguruma mwenye bucha kwenye simu, "anaingia kituo cha mafuta, ananusa ukingo, anatoka safi kabisa, hajamwachia mtu hata upenyo wa sindano."

"Huyo anayepiga kelele anauza nini?" aliuliza Shangazi.

"Nyama."

"Aiuze basi."

Ajali ilitokea karibu na soko, kama ni halali kuiita ajali. Mbele yao alikuwa msukuma mkokoteni aliyebeba magodoro yaliyopangwa mpaka juu. Akaanza kukunja kushoto, taratibu, kama vitu vyote vizito vinavyokunja. Bi Kona aliona pengo upande wa ndani. Akatupa jicho juu kutafuta kioo cha nyuma pale kinapokaa kwenye skrini, akakuta kalenda ya nyumba ya wazee. Aliporudisha macho chini pengo lilikuwa limejaa godoro. Akakanyaga breki, na safari hii ilikuwa breki kweli. Basi likaugusa mkokoteni kwa mwendo wa mtu anayebisha hodi, magodoro mawili yakateleza, la chini likachanika ubavu kwenye bampa.

Msukuma mkokoteni hakuumia. Alisimama, akalitazama basi, akamtazama dereva.

"Mama, hukuniona?"

"Nilikuona," alisema Bi Kona akiteremka. "Nilidhani unaniachia ndani."

"Ndani ya nini?"

Bi Kona akaomba radhi, akasaidia kupandisha magodoro, Mwenyekiti akaelekeza kwa kidole wapi yawekwe. Waliporudi garini Mwenyekiti akamwinamia sikioni.

"Bi Kona. Wanachama wote wanaangalia."

"Sasa?"

"Sasa kanuni."

Mwenye bucha akainua simu ili aone. Kundi zima lilikuwa linaandika jambo moja: Arudishe nafasi. Wengine waliliandika kwa herufi kubwa. Yule kijana wa wali aliliandika mara kumi.

Bi Kona alitoa kichwa dirishani. "Kaka, samahani, sema umeridhika."

"Niridhike na nini, na godoro limechanika?" Akashika mikono ya mkokoteni, akaenda zake.

Basi likamfuata. Hakuna namna nyingine ya kueleza kilichotokea: basi dogo lenye wazee watano wenye miadi ya hospitali liliwasha taa za tahadhari na kutembea nyuma ya mkokoteni wa magodoro, kwa mwendo wa mkokoteni wa magodoro, kwa sababu bingwa wa ligi alimgonga mtu na mtu hajatamka neno. Msukuma mkokoteni aligeuka mara moja, akashangaa. Akageuka tena. Maishani mwake kila chenye magurudumu kilikuwa kimempigia honi. Leo alikuwa na msafara, taa zinawaka, hakuna anayemsogelea. Akapunguza mwendo. Akaanza kuwapungia watu.

"Mbona tunakwenda kimazishi?" aliuliza Shangazi. "Nani kafa?"

"Tuko nyuma ya mkokoteni."

"Mpite."

"Siruhusiwi. Nimemgonga. Mpaka aseme ameridhika."

"Trafiki ndiye kasema?"

"Ligi."

Kutoka nyuma Matroni alisema, bila kupandisha sauti, "Wanafunga mlango wa kuandikisha adhuhuri. Akifungiwa mmoja, wamefungiwa wote."

"Mama Matroni, tunaelewa," alisema Mwenyekiti, "lakini tukianza kuchagua lini tuwe na utu, huo utakuwa utu gani?" Kisha akatazama kama simu imemnasa vizuri.

Bi Kona aliushika usukani kwa mikono miwili. Mbele yake magodoro yaliyumba. Pembeni yake kidole cha Shangazi kilikuwa kikipapasa ukingo wa mkanda wa kiti, kikitafuta uzi. Ilikuwa rahisi sana kuwa mkali kwa ajili ya wali wa mtu mwingine.

"Nani aliitunga hiyo kanuni?" aliuliza Shangazi.

Mwenye bucha akamgeuzia Bi Kona simu.

"Mimi, Shangazi."

"Basi itungue."

Bi Kona akawasha taa ya kulia, akasogea mpaka akawa sambamba na mkokoteni, akashusha kioo.

"Kaka. Hayo magodoro unayapeleka wapi?"

"Duka la vitanda, hapo nyuma ya hospitali. Kwa nini, unataka kunigonga tena ukiwa umejipanga?"

"Lile lililochanika usilikabidhi kwanza. Wazee wakishaingia kwa daktari nakuja kulishona. Mimi ni fundi cherehani."

Akacheka. "Mafundi nawajua. Utakuja Ijumaa ipi?"

"Leo."

"Leo ipi?"

"Leo hii. Sindano ninayo."

"Ukija," alisema yule bwana, "ndipo tutaongea habari ya kuridhika."

Bi Kona akampita. Mwenyekiti alifumba macho kama mtu anayeshuhudia maafa. Simu ya mwenye bucha ilitetemeka kwa ghadhabu za wanachama mpaka ikamteleza mkononi. Mzee gadi akapuliza filimbi ndefu ambayo hakuna aliyeiomba.

Hospitalini Bi Kona hakuegesha. Kuegesha kungetaka kurudi nyuma. Alilizungusha basi kwenye ua mpaka mlango ukawa mbele ya mlango. Karani alikuwa tayari ameshika kufuli. Matroni akaweka bega kwenye ubao wa mlango, akaweka na begi, akaanza kuwasukuma wazee ndani mmoja mmoja huku akimwuliza karani habari za nyumbani. Shangazi aliingia wa mwisho. Mlango ukafungwa nyuma ya kisigino chake.

Bi Kona akatoa sindano na uzi kwenye mkoba akaenda kwa miguu. Alimkuta msukuma mkokoteni amelikalia lile godoro nje ya duka la vitanda, amekunja mikono, uso wa mtu anayengoja kuthibitisha anachokijua. Alipomwona alisimama. Bi Kona akapiga magoti lamini, akalikunja lile pengo kwa ndani, akashona mshono wa kufichika ambao huutumia kwenye suti za watu wanaotegemea kutazamwa. Alipokata uzi kwa meno, yule bwana alipitisha kiganja ubavuni mwa godoro, akarudia, akatafuta jeraha asilipate.

"Haya," alisema. "Nimeridhika."

Hapakuwa na maiki wala kundi, kulikuwa na mwenye duka tu akipiga mwayo.

Jumapili kesi ikasikilizwa kabla ya mbio. Bi Kona alipatikana na hatia ya kumpita aliyegongwa kabla ya kuridhika kwake, akafungiwa msimu mzima, na kijana wa wali ndiye aliyeunga mkono kwa sauti tamu kuliko wote. Alipoeleza habari ya godoro, Refa alisubiri anyamaze, kisha akamwambia kwamba neno la kuridhika ni lazima litamkwe na mgongwa mwenyewe kwenye maiki ya ligi, na maiki ya ligi ni ya wanachama, na mwanachama ni aliyeingia mbio walau mara moja. Kisha Mwenyekiti akatunukiwa cheti cha hisani kwa kuongoza safari. Pichani alionekana ameushika mkono wa Shangazi, Shangazi akiwa na bandeji usoni. Alipoulizwa baadaye kwa nini alikubali kupigwa picha ile, Shangazi alisema, "Nilidhani ni daktari."

Bi Kona angeweza kununa, na ana kipaji cha kununa. Badala yake akamtafuta msukuma mkokoteni.

"Yaani niendeshe gari," alisema yule bwana, "ili niseme neno nililokwisha kusema?"

"Mara moja tu."

"Na nikigongwa?"

"Kuna kanuni."

Jumapili iliyofuata yule bwana akaketi kwenye kiti cha gari chenye miguu ya kitanda, mikono yake mipana ikiuficha usukani wote, akaandikishwa kwa jina la Godoro. Siku hiyo hiyo Matroni alimleta Shangazi nyumbani kusalimia. Bandeji ilikuwa imetoka. Alishuka akitazama kila kitu kwa ubishi, mlango, paa, uso wa mkwe wake, kama anakagua mali aliyoikopesha. Mkwe wake alimsalimia kwa heshima zote, akakumbuka kwamba kuna geti mahali linamsubiri, akala kona.

Mbio zikaanza. Kwenye kona ya kwanza kabisa Mwenyekiti, akiwa na haraka ya mtu mwenye cheti, alimpiga Godoro ubavuni akamtoa barabarani.

"Nimegongwa?" aliuliza Godoro.

"Umegongwa," alisema Bi Kona, na hakuweza kuficha raha.

Mwenyekiti akasimama pembeni, akamwacha apite, akakaa nyuma. Godoro akaondoka kwa mwendo aliouzoea. Wenzao wakazunguka wakawapita, wakazunguka tena.

"Ndugu Godoro," sauti ya Mwenyekiti ikatoka kwenye spika, yenye utu mwingi. "Ukiweza, sema umeridhika."

"Bado nafikiria."

Shangazi akavuta kigoda karibu na skrini. "Huyo anayeng'ang'ania nyuma ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Yule daktari?" Akacheka mpaka machozi yakatoka, akayafuta kwa uangalifu sana, jinsi alivyoelekezwa hospitalini.

"Refa upo?" aliuliza Godoro kwenye maiki. "Yule mama fundi alikuja siku ile ile akanishonea godoro. Kwake nimeridhika, andika. Huyu wa nyuma asubiri." Refa hakuwa na la kusubiri tena, akatamka kwamba Bi Kona yuko huru. Mwenye bucha akanguruma. Mwenyekiti akaendelea kufuata.

Kona kali ikaja, Godoro akaikanyaga breki kwa nguvu za mtu aliyezoea kuuzuia mkokoteni mteremkoni, na chuma kikalia. Ni mlio mfupi wa bawaba kavu. Kicheko cha Shangazi kikakatika. Aliusikia mlio huo maisha yake yote, kabla macho hayajafunikwa na baada ya kufunikwa. Akainama, akatazama chini ya meza, taratibu, kwa macho mapya.

"We mtoto. Hiyo anayoikanyaga huyu bwana ni nini?"

Bi Kona aliutazama mlango ambao mume wake alipitia. "Breki, Shangazi."

"Na cherehani yangu iko wapi?"

"Stoo. Imepungua."

Shangazi akamgusa Godoro begani ampishe, mbio au si mbio. Akaketi kwenye kile kiti, akavua kiatu, akaweka unyayo juu ya pedali yake, akaikanyaga polepole, akaachia, akaikanyaga tena. Kwenye skrini gari la Godoro lilisimama katikati ya barabara, na la Mwenyekiti likasimama nyuma yake.

"Kwa hiyo nimegongwa," alisema Shangazi. "Ile kanuni yenu ikoje? Niambie tena."

Bi Kona akamwambia.

"Haya. Kaa nyuma yangu basi, mpaka niseme."

Bi Kona akachukua kigoda, akakiweka nyuma ya kiti, akaketi.